Mfiwa Hashiki Mchi

Kisa, kisa! Itikeni basi, au mmemeza ndimi pamoja na ugali? Kisa! Kije kikae nasi! Haya, ndivyo.

Zamani ile, wajukuu zangu, zamani ambayo babu yake babu yangu alikuwa bado hajaota jino, kulikuwa na nchi ya Waairishi. Msiniulize njia ya kwenda huko. Mimi nilifua nguo za masista wa misheni miaka ishirini na miwili, na Sista Kolumba, aliyekuwa Mwairishi wa miguu mikubwa na moyo mkubwa zaidi, alinionyesha kwenye ramani. Ni kipande cha ardhi katikati ya maji, na mvua hunyesha mpaka watu wamechoka kuilalamikia. Siku moja nikamuuliza, Sista, kwenu nako polisi waliwasumbua watu wa mashambani? Akaiweka pasi chini, akacheka, akanipa kisa hiki. Yeye alipewa na bibi yake. Nami nawapa ninyi, na wewe Shija ukiuvuta tena mkia wa huyo paka, kisa chako utakisikilizia nje.

Basi, palikuwa na mlima wa malisho. Mlima haukuwa wa mtu. Ng'ombe wa huyu alikula, ng'ombe wa yule alikula. Akaja bwana mkubwa, wao walimwita Lodi, akasema: "Mlima ni wangu, nataka kufuga kondoo." Akaleta mafundi wauzungushie ukuta wa mawe. Mafundi wakajenga, kesho yake ukuta uko chini. Wakajenga tena, kesho yake uko chini. Wakajenga tena; uko chini! Nani anauangusha? Ukiuliza, hakuna aliyejua. Usipouliza, wote walijua.

Hapa sikilizeni vizuri, maana hapa hata mimi nilibisha. Wanaume wale walipokwenda kuangusha ukuta walivaa magagulo meupe ya wake zao juu ya suruali, wakajipaka masizi usoni, asitambulike mtu. Ndiyo, Kabula, magagulo. Cheka umalize, tuendelee.

Serikali ikaleta polisi wenye sare za kijani kibichi kilichokolea hadi karibu na weusi. Na serikali ile ilikuwa na akili ya fisi. Haikumpanga polisi kwao alikozaliwa. Wa kusini alipelekwa kaskazini, wa mashariki magharibi, ili asiwe na shangazi wa kumwonea haya. Mkubwa wao pale aliitwa Sajini Hanta, mtoto wa mjini, mgeni wa miezi mitatu. Hakuwa mtu wa kupiga watu. Alikuwa mtu wa kuuliza. Mbona mnafanya hivi? Mbona mnafanya vile? Kila jibu aliliandika kwenye daftari. Mimi, polisi anayepiga namwogopa kidogo. Anayeandika namwogopa sana.

Chini yake alikuwepo Konstebo Skali. Jina Skali, lakini ukali hana. Huyu alizaliwa kwa wakulima, mbali na hapo.

Sasa, miongoni mwa waangusha ukuta alikuwemo Taigu, mume wa Gobineti. Gobineti ni jina la mwanamke, ni jina la mtakatifu wao, hakuna la kuchekesha. Jiwe likamwangukia Taigu mguuni. Wenzake wakambeba hadi nyumbani, lakini pale ukutani ikabaki damu, na kipande cha gagulo. Sajini akaandika: mhalifu ni mchechemeaji. Ikatangazwa kwamba akipatikana atatiwa melini, apelekwe nchi ya wafungwa upande wa pili wa dunia, miaka saba. Waliokwenda huko hawakurudi. Wake zao walivaa nyeusi kana kwamba wamezika.

Asubuhi ya siku ya pili Gobineti akasikia polisi wako nyumba ya jirani. Taigu hawezi kukimbia. Kusimama tu hawezi. Gobineti akafungua sanduku, akatoa nguo za mama mkwe wake aliyefariki miaka mingi nyuma, akamvika mumewe sketi ndefu, akamfunika shali hadi machoni, akamkalisha karibu na moto na rozari mkononi. Kisha akarudi kwenye kazi aliyokuwa anaifanya, kusuka maziwa.

Sisi tunasuka kwa kibuyu, sivyo? Wao walikuwa na pipa jembamba la mbao, mfuniko una tundu, tunduni mnapita mchi. Unatwanga kama unatwanga kinuni, chubwi, chubwi, mpaka siagi itoke. Na walikuwa na sharti. Ukiingia nyumba wanayosuka, uwe mgeni, uwe padri, uwe adui, useme "Mungu aibariki kazi", kisha ushike mchi utwange kidogo. Usiposhika, umeondoka na siagi ya watu. Hukuitia mfukoni, la, umeondoka na bahati yake.

Sajini Hanta akaingia bila hodi. Skali akaingia nyuma yake, na kabla hajafikiri mdomo ukamponyoka: "Mungu aibariki kazi!" Akaegemeza bunduki mlangoni, akashika mchi. Chubwi, chubwi.

"Konstebo! Umerukwa na akili?"

"Samahani, Afande. Wanasuka."

"Wanasuka, ndiyo iweje?"

"Nisiposhika nitaondoka na siagi yao. Mama yangu akisikia atanikana."

Mngedhani Sajini alikasirika. Wapi! Alifurahi. Akavuta kigoda, akatoa daftari. "Kila anayeingia sharti ashike?"

"Kila anayeingia, Afande."

"Na waliomo ndani?"

"Na wao. Mikono yote ya nyumbani."

Sajini akaandika, akaandika, kisha akainua macho polepole hadi pale motoni. "Basi na huyu bibi ashike. Nataka kuona wazee wanavyosuka."

Maskini Gobineti! Mikono ya Taigu ilikuwa mikono ya kubeba mawe, ina manyoya hadi kwenye vidole. Na hata akifika kwenye pipa, atafikaje kwa mguu ule?

"Hawezi," akasema Gobineti. "Amefiwa."

"Na nani?"

"Na baba mkwe wangu, sasa ni mwezi wa tatu. Mfiwa hashiki mchi hadi mwaka utimie. Akishika, maziwa yanalia, na siagi haitoki."

Uongo! Uongo mtupu, wajukuu zangu! Hapakuwa na mila hiyo pale wala kwingine. Aliitunga papo hapo, akiwa amesimama. Na mle ndani mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumwumbua.

Sajini akamgeukia huyo huyo. "Konstebo, nyinyi ni wakulima. Kuna kitu kama hicho?"

Skali alikuwa ameinama kwenye pipa. Kutoka pale aliuona mguu chini ya sketi, umefungwa vitambaa, umevimba. Aliuona na akaelewa. Naye alikuwa ameapa kwa Biblia kuitumikia serikali, na aliyejua kiapo alikiogopa. Sista Kolumba aliniambia Skali alitwanga mara tatu kabla ya kujibu. Chubwi. Chubwi. Chubwi.

"Kipo, Afande. Hata kwetu. Mfiwa hashiki mchi."

Sajini akawatazama wote wawili. Angeweza kuivuta ile shali, lakini wiki mbili nyuma sajini wa tarafa jirani alimvua bibi kizee shali, kumbe bibi kweli, na kijiji kizima kikamponda mawe. Kwa hiyo akainuka akasema: "Vizuri. Ng'ambo ya kinamasi kuna mjane Onora, kaburi la mumewe halijaota nyasi. Leo kila nyumba inasuka. Twende tukamwone. Tukimkuta ameshika mchi, Konstebo, utalala rumande wewe, na bibi huyu tutarudi kumfunua."

Wakatoka. Barabara ilizunguka kinamasi chote, maana polisi walivaa buti, na kinamasi hupenda buti. Gobineti hakuwa na buti. Akapandisha sketi magotini, akaingia topeni, akakata katikati.

Mbio zilimuuma, lakini kuna kilichomuuma zaidi. Yeye na Onora hawakuwa wamesalimiana miaka mitatu, kwa sababu ya bata. Bata wa Gobineti aliingia bustani ya Onora, akaishia chunguni mwake. Mambo ya kijinga, eti? Lakini mume wa Onora alipokufa Gobineti hakwenda mazishini. Sasa anakwenda kumwomba mwanamke yule yule amwokolee mume. Aliona haya, akakimbia na haya yake.

Akamkuta Onora peke yake, anasuka, jasho linamtoka. "Mungu aibariki kazi," akasema Gobineti, akakamata mchi. Onora hakuuachia.

"Umekuja kufanya nini kwangu?"

"Polisi wanakuja. Nimewaambia mfiwa hashiki mchi mwaka mzima. Wakikuona umeshika, Taigu anakwenda melini. Kaa chini, Onora. Nakuomba."

Nje kokoto zikalia chini ya buti. Onora akamtazama. Neno moja tu lingetosha kulipiza ugomvi wa bata, na matusi, na mazishi yale. Kisha vidole vyake vikalegea. Akaenda kuketi, akajifunika kichwa.

Sajini akaingia, akaduwaa. "Wewe tena?"

"Ulisema mwenyewe amefiwa," akasema Gobineti akihema. "Nani atamsukia?"

"Umetutanguliaje?"

"Tunakata kinamasi, Afande. Nyinyi mna buti."

Sajini akampita, akasimama mbele ya mjane. "Mama, jibu wewe mwenyewe. Kwa nini husuki siagi yako?"

Onora akafunua uso. Hakumtazama Sajini. Alimtazama Gobineti. "Kwani kwenu," akasema, "mtu akifiwa huachwa afanye kazi peke yake?"

Gobineti akaanza kulia, machozi ya kweli, na mikono yake haikuacha kutwanga. Sajini akatafuta cha kuandika, asione. Akafunga daftari.

"Na wewe," Onora akamwambia, "umeingia nyumba wanayosuka, hujashika mchi."

Basi Sajini Hanta akavua kofia, akashika mchi, akatwanga vibaya kama mtoto wa mjini, maziwa yakamrukia kwenye vifungo. Skali akageukia ukutani, sijui alikuwa anacheka au anamshukuru Mungu.

Lakini uongo, wajukuu zangu, ni kama ng'ombe wa kuazima, ukishauingiza boma lako utaulisha. Polisi wale walipita kila wiki. Jioni ile ile neno likaenda nyumba kwa nyumba, bonde zima: kuanzia leo mfiwa hashiki mchi. Taigu alikaa na sketi wiki sita, na mguu ukapona. Na kila siku ya kusuka, mwaka mzima, Gobineti alikwenda kwa Onora. Wiki za kwanza alisuka wakinyamaziana. Baadaye wakazungumza. Baadaye yule bata akatajwa, wakacheka hadi pipa likataka kupinduka.

Skali? Alihamishwa, na Sista hakujua aliishia wapi. Nami inaniuma kutokujua.

Sajini na Lodi walikufa, na polisi wa kijani wakaondoka. Mila haikuondoka. Sista Kolumba alipokuwa msichana babu yake alifariki, na mwaka mzima majirani walikuja kwa zamu kumsukia bibi yake. Mmoja wao, kikongwe, Sista akamuuliza mila hii imetoka wapi. Akajibiwa: "Ipo tangu Adamu."

Kwa hiyo mkikuta mila, msiulize tu nani aliianzisha. Ulizeni inambebea nani mzigo. Kama haimbebei mtu, itueni. Kama inambebea mfiwa, mbebeeni nanyi, hata kama ilizaliwa kwa uongo jikoni mwa mwanamke aliyeogopa.

Kisa nimekitua. Aliyekiokota akibebe, aliyesinzia akakiote. Haya, mkanawe miguu.