Picha ya Mwanamke Asiye na Mdomo

Nyumba ya Bi Mayasa pale Sokomuhogo, Unguja mjini, haikujua ukiwa. Ikifika alasiri viatu vya wageni hujaa mlangoni, hata mpita njia akadhani kuna hitima, kumbe ni mazungumzo tu. Wanawake wa kikundi chake cha taarabu huketi mikekani, birika la chai ya mdalasini likizunguka na sahani ya visheti ikipungua, na habari za mji mzima zikipita humo kama shati chini ya pasi: kila kunjo linanyooshwa. Nani kaposwa, nani karudi kwao, nani kaonekana Forodhani na nani. Asiyefika siku hiyo huwa ndiye anayezungumzwa, kwa hiyo kila mtu hufanya juu chini afike.

Bi Mayasa alikuwa malkia wa baraza hiyo, na taji lake lilikuwa utunzi. Miaka kumi na mbili hapakuwa na harusi ya maana mjini ambayo haikuimbwa wimbo wake. Na mji wenyewe unajulikana: wimbo hauachwi ukawa wimbo tu, lazima utafutiwe mwenyewe. Mwanamke akiinuka kutunza kwenye ubeti fulani, noti kaishika juu na mwendo kautia madaha, macho mia hugeuka kutafuta nani kapigwa. Bi Mayasa alizijua hesabu hizo kuliko mtu yeyote. Alijua kwamba neno likitoka, halikosi pa kutua.

Mwezi huo nyota yake ilikuwa imepanda zaidi. Chama kimoja cha wasanii kilikuwa kinataka kuchapisha diwani ya nyimbo zake, jina lake juu ya jalada kwa herufi za dhahabu. Diwani hiyo ingetangazwa siku ya kufungua maonyesho ya sanaa katika nyumba moja kongwe ya Hurumzi, na kikundi chake ndicho kingeimba. Sare zilikwisha kushonwa. Wajukuu walikwisha kuambiwa.

Habari iliyomvuruga ililetwa na Radhiya, mwimbaji wake wa mbele na shoga yake wa tangu ujana. Alikuwa amepita Hurumzi kuangalia mahali watakaposimama, akarudi na hadithi.

"Yule Urvi, binti wa Kihindi aliyehamia Kiponda na mama yake kutoka Tanga," Radhiya alisema, "kachora picha, bibi we, mwili umenisisimka. Mwanamke kajaa dhahabu, kinywa wazi, anaimba. Nyuma yake kuna mwanamke mwingine, huyo hana mdomo kabisa, uso mtupu. Sasa kuna uzi mwekundu, unatoka kooni mwa huyu wa nyuma unaingia kinywani mwa wa mbele."

Wenziwe wakaangua kicheko, kila mmoja akamtaja jirani anayestahili picha hiyo. Wa kwanza akataja mke wa sheha wa mtaa fulani, wa pili akamtaja mkwewe. Bi Mayasa peke yake hakucheka. Chai ilimpalia.

"Kapigwa nani hapo?" aliuliza alipopata pumzi.

"Na mie nnajiuliza hivyo hivyo," Radhiya akajibu, akamtazama.

Ulikuwa mtazamo wa kawaida, wa shoga kwa shoga aliyepaliwa na chai. Lakini Bi Mayasa ulimwingia kama sindano, na ukabaki humo.

Kwani Bi Mayasa alikuwa na siri, na siri hiyo ilikaa Kiwengwa, kijiji cha pwani. Miaka kumi na mbili nyuma alikwenda huko mazikoni, na alipokuwa akipunga upepo ufukweni akamsikia mwanamke mmoja akijiimbia huku kafunga kanga kiunoni, miguu majini, anafunga mwani kwenye kamba. Maneno yale yalimgandisha pale alipo:

*Nilifunga mwani wangu, maji yakaufungua,*
*Nikafunga moyo wangu, nani wa kuufungua?*

Mwanamke huyo aliitwa Sichana. Hakujua kuandika zaidi ya jina lake, lakini nyimbo zilimtoka kama jasho. Bi Mayasa aliuomba ule mmoja, akapewa. Akaomba wa pili. Siku hizi Sichana humtumia kila wimbo kwa simu, kwa sauti yake mwenyewe, na Bi Mayasa hujifungia chumbani, akausikiliza, akaunakili daftarini, kisha akaufuta. Kila Idi humpelekea doti ya kanga na mchele. Wimbo wa mwani ulipovuma mjini, Radhiya aliwahi kumuuliza, weye mwani umeujulia wapi, nawe hata viatu huvui ukifika pwani? Bi Mayasa akamjibu kwamba mtunzi ana macho ya moyoni, na mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa ilimjia kwamba pengine hayakuishia. Usiku na mchana alizipitisha sura za watu mbele yake kama askari wa zamu. Fundi wa simu pale Darajani alikaa na simu yake siku mbili nzima kwa kioo tu. Kioo gani hicho cha siku mbili? Radhiya naye alimwazima simu mwezi uliopita ampigie mwanawe, akatoka nayo uani ati ndani hakuna mtandao. Na Sichana mwenyewe je? Alimpigia kumchunguza. Sichana alipokea katikati ya kazi, maji yakisikika, akasema hamjui Urvi wala hajawahi kufika Kiponda. Kakana upesi mno, Bi Mayasa akawaza. Kabla hajakata, Sichana akamuuliza kwa unyonge kama kweli kitabu kinatoka, na kama itawezekana safari hii na yeye atajwe, hata ukurasa wa mwisho. Bi Mayasa akasema wataangalia, akaizima simu kabisa.

Kwenye mazoezi ya kesho yake alimwondoa Radhiya mbele, akamweka Tahiya, mwanamke ambaye sauti yake nzuri ilikuwa haijakomaa. Radhiya aliikunja karatasi ya wimbo taratibu.

"Nimekukosea nini, shoga?"

"Iulize nafsi yako," Bi Mayasa akamjibu.

Radhiya akaenda kukaa nyuma pamoja na waitikiaji, na kwa mara ya kwanza tangu kikundi kianzishwe mazoezi yale yalikwisha bila ya mtu kutania. Wanawake walipotoka walisimama uchochoroni kwa makundi. Bi Mayasa akawachungulia dirishani, akaapa kwamba wanamsema yeye. Hapo hakukosea, ila walikuwa wanamwonea huruma, wakidhani anaumwa.

Siku tatu kabla ya maonyesho alijitia kupita Kiponda. Urvi alimpokea juu ngazini, mikono ina rangi mpaka kwenye viwiko, akamwamkia shikamoo na kumkaribisha kwa furaha. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, mwenye kusema polepole na kumtazama mtu usoni. Chumba chake kilijaa picha zilizogeuziwa ukuta. Alizigeuza moja moja. Zilikuwa sita, na zote zilikuwa za wanawake wale wale wawili: mahali pengine wa nyuma kaweka mikono juu ya mabega ya mwenzake, mahali pengine wamefungwa shuka moja, na katika moja wa mbele ndiye aliyeonekana kuchoka.

"Mbona unachora jambo moja tu, mwanangu?" Bi Mayasa aliuliza, macho yakimtembea. "Rangi zote hizi, na mji wote huu."

Urvi alieleza kwamba yeye haanzi na picha, huanza na swali, na swali lisipompa jibu hulichora tena kwa upande mwingine mpaka lichoke lenyewe. Hili la sasa alikuwa nalo mwaka mzima.

"Mtu akimsemea mwenziwe," alisema, "yale maneno yanakuwa ya nani?"

Bi Mayasa akauliza swali hilo kalipata wapi.

"Hapa hapa," Urvi akasema. "Halikutoka mbali."

Wakati huo mama yake Urvi aliingia na sinia ya chai. Bi Mayasa alimsabahi, yule mama akatabasamu bila ya kujibu. Ndiyo yale yale, akajisemea. Alikwisha kuwaambia watu wa baraza yake kwamba mama huyo ana maringo, salamu za watu haziitikii. Kisha akaona jambo jingine. Mama alimgusa binti yake begani, akachezesha vidole upesi upesi, akamwelekea yeye kwa kidevu. Urvi akamjibu kwa vidole vile vile, na wote wawili wakacheka kidogo.

Wanaonyeshana mie mbele ya macho yangu, Bi Mayasa akawaza. Hakuinywa chai. Alishuka ngazi akiwa na yakini: wanajua, na siku ya siku watamvua nguo mbele ya watu.

Siku hiyo ilifika. Nyumba ya Hurumzi ilifurika kutoka ukumbini mpaka kwenye ngazi. Wasanii, walimu, wageni wenye kamera, wenye maduka wa jirani, na wale ambao hawaalikwi, wao hufika tu. Wanawake wa kikundi walipangwa katika sare zao za zambarau, Tahiya mbele, Radhiya nyuma karibu na mlango. Mwenyekiti wa chama akasema kwanza mchoraji ataeleza picha zake, kisha itatangazwa diwani ya mtunzi wao mpendwa. Watu wakapiga makofi. Bi Mayasa aliinamisha kichwa kwa adabu.

Urvi alisimama karibu na ile picha kubwa, mama yake ubavuni pake. Alisema machache, na kila alilosema vidole vyake vilikwenda nalo. Watu waliokuwa mbele wakaanza kuelewa, wakatikisa vichwa kwa upole. Bi Mayasa hakuwa akitazama vidole. Alikuwa akitazama uzi mwekundu.

Mzee mmoja akauliza, "Huyu wa nyuma ni nani, binti yangu? Maana wa mbele tunamwona."

"Huyu wa nyuma nnamjua vizuri," Urvi akaanza, "na leo nnataka na nyinyi mumjue, kwa sababu miaka yote maneno ni yake, mwengine ndiye anayesikiwa—"

"Basi," Bi Mayasa akasema.

Alikuwa amesimama bila ya kujijua. Ukumbi mzima ukageuka.

"Basi, Urvi. Iteremshe picha hiyo. Kama mlikuwa na neno na mie mngenijia nyumbani, mlango wangu haufungwi. Mmeniita hapa kuniheshimu, kumbe mmekwisha kunitundika ukutani." Sauti ikapata nguvu ya jukwaani aliyoizoea. "Mie sikumwibia mtu. Sichana kanipa nyimbo zile kwa hiari yake, hata moja sikumlazimisha. Na lau si mie, maneno yake yangeozea Kiwengwa pamoja na mwani wake. Nani angemsikia? Nani?"

Alipomaliza alisubiri kelele. Hakukuwa na kelele.

Urvi alimtazama kwa mshangao wa mtu aliyeamshwa. "Bi Mayasa," alisema polepole, "huyu wa nyuma ni mama yangu. Hasikii wala hasemi tangu kuzaliwa. Wa mbele ni mimi. Tangu nna miaka minne mimi ndiye nnayemsemea, dukani, hospitali, kwa watu. Juzi ulipokuja aliniuliza wewe ndiye mama wa nyimbo, nikamwambia ndiye. Akafurahi."

Mama yake, ambaye aliona tu mwanamke aliyesimama kwa hamaki kinywa wazi, alimvuta mkono wa nguo binti yake, amfasirie. Kwa mara ya kwanza katika maisha yao Urvi hakumfasiria.

Kutoka karibu na mlango Radhiya alikuja mbele, watu wakimpisha. Hakupaza sauti. Alisimama mbele ya shoga yake wa tangu ujana, akamuuliza kama mtu anayeuliza saa.

"Sichana ni nani, Bi Mayasa?"

Bi Mayasa alifungua kinywa. Yeye ambaye mji mzima ulimwogopa kwa maneno, aliyatafuta huku na huku asiyapate, kwani miaka kumi na mbili hakuwa na ya kwake.

Diwani haikutangazwa siku hiyo. Wiki ya pili mwenyekiti wa chama na Radhiya walikwenda Kiwengwa na kinasa sauti. Walimkuta Sichana na mikono yake iliyochubuliwa na maji ya chumvi, akawaimbia nyimbo arubaini na tatu kwa kichwa, na nyingine tisa ambazo alikuwa bado hajazituma mjini. Jina lake ndilo lililowekwa kwenye jalada. Alipoulizwa kama ana kinyongo na Bi Mayasa alifikiri kidogo, akasema hapana, ila zile doti za kanga hakuwahi kuzivaa hata moja.

Sokomuhogo mjadala haukwisha. Wapo waliosema Urvi kamfichua, na wapo waliosema fundi wa simu, hata Radhiya alitiwa humo. Lakini kila walipoyarudia ya siku ile neno kwa neno walifika pale pale: hakuna aliyemtaja. Picha ilikuwa ya mtu na mama yake, wageni mia mbili waliitazama, na katika wote hao ni mmoja tu aliyeinuka na ulimi unaowaka. Hukumu aliitoa mwenyewe, kwa kinywa chake: pilipili usizozila, zakuwashiani?