Fisi na Nyumba ya Ng'ambo

Hapo zamani za kale, na wewe unayemfinya mwenzako acha, palikuwa na vilima vya mawe ya chokaa, msitu juu, mto chini. Katika pango moja huko aliishi Bi Pimbi na wanawe. Mnamjua pimbi? Mnyama mdogo, mkia hana, maneno anayo.

Asubuhi moja alirudi kutoka kuchuma majani akamkuta Fisi amekaa mlangoni kwake, tii, kaziba njia yote. Ndani watoto walikuwa wanalia kiu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Habari za majani?"

"Njema. Mbona umekaa mlangoni?"

"Pango lako jembamba, siingii. Basi nawasubiri watoto watoke. Kiu itawatoa."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayesubiri chai ichemke. Bi Pimbi aliogopa mpaka majani yakamdondoka.

"Sawa, mjomba," akasema. "Ila utasubiri mifupa, wamekonda wale. Mimi nimeona nyumba ng'ambo huko, nyuma ya vilima vyote. Ghala limejaa nyama kavu, na mwenyewe ni mjinga, kutwa hayupo."

Masikio ya Fisi yalisimama. "Nyama ya nini?"

"Sikuuliza. Harufu ilinitosha."

"Haya, nipeleke. Nikiikuta, nakuachia wanao leo. Nisipoikuta, nawala wao na wewe juu."

Wakaondoka. Sasa sikilizeni. Nyumba ya Fisi mwenyewe ilikuwa hapo hapo chini ya kilima, upande linakozama jua. Lakini Fisi alikuwa mvivu. Maisha yake yote alipita njia moja tu, ile ya mlango wa mbele, kwenda na kurudi. Bi Pimbi akamwongoza upande wa pili, linakochomoza jua. Huku nyuma watoto walichomoka mbio kwenda kunywa maji.

Wakapanda kilima, mawe yanakata nyayo. Wakapita msituni, miiba inavuta manyoya. Wakavuka mto, chubwi! Wakapanda tena, wakakata kona, wakazunguka, wakashuka, wakakuta mto.

"Mpwa wangu, mto huu si tumeshauvuka?"

"Ule ulikuwa unakwenda kushoto, mjomba. Huu unakwenda wapi?"

Fisi akayatazama maji. "Kulia."

"Umeona?"

"Kumbe dunia kubwa," akasema Fisi, akavuka.

Tena, asubuhi jua lilikuwa linampiga usoni, na alasiri hiyo bado lilimpiga usoni. Fisi akaridhika kwamba wamenyoosha tu.

Wakatokea nyuma ya nyumba. Upande wa mbele mtu alikuwa anatwanga. Twa! Twa!

"Ndiyo hiyo," akanong'ona Bi Pimbi.

Fisi akaukagua ukuta akatikisa kichwa. "Ukuta mbovu huu! Mwanamume wa hapa hana aibu?"

"Wengi wanauliza hivyo, mjomba. Mchi ukishuka, wewe sukuma. Hawatasikia."

Twa! Akasukuma. Twa! Akasukuma. Poromo! Ukuta ukafunguka na Fisi akatumbukia ghalani gizani. Nyam, nyam, nyam! Akala minofu, akala mbavu, akalamba na vijiti vya kuanikia.

"Amekausha vizuri huyu," akasema mdomo umejaa. "Kama mimi vile. Mjinga gani anaacha vyote hivi?"

"Hata mimi nashangaa," akajibu Bi Pimbi, huyo, akashika njia ya mkato kwenda kwake.

Mchi ukanyamaza. "Nani huko ghalani?"

Sauti hiyo Fisi aliijua. Ndiyo sauti pekee duniani aliyoiogopa. Mkewe alimzidi kimo, kama ilivyo kwa fisi majike, na alikuja na mchi mkononi. Aliutazama ukuta, akavitazama vijiti vitupu, akalitazama tumbo la mumewe.

"Akiba yetu ya kiangazi yote?"

"Mke wangu, wallahi nilidhani ni ya jirani."

Po! Mchi ukamkuta mgongoni.

"Sasa utalala kwenye tundu hilo," akasema mkewe. "Hukanyagi nje mpaka nyama irudi ghalani."

"Itarudije nami sitoki?"

"Utalifikiria hilo hapo hapo."

Bi Pimbi alifika pangoni akawakuta wanawe wamelala, matumbo tele maji. Aliwagusa mmoja mmoja, akahakikisha wote wapo, akaketi chini. Mlangoni kwake Fisi hakuonekana tena, maana mpaka sasa bado anafikiria.

Anayekwenda kubomoa kwa wenzake, kwanza azunguke aione nyuma ya nyumba yake.