Damari na Maji ya Njiani

"Mtoto huyu amekwisha kubatizwa, au bado?"

Padre Yustino aliuliza hivyo akiwa amesimama mtoni, maji yakimfika magotini, na jamaa yote ya marehemu Zakaria Mbelwa ikamtazama kutoka ukingoni. Hakuna aliyejibu. Wengi hawakujua hata kwamba ni swali. Ni maneno ya kufungulia ibada tu: padre huyasema, watu hukohoa, ibada huendelea.

Lakini alikuwapo mtu mmoja aliyelijua jibu, naye ndiye aliyempakata mtoto.

Inasimuliwa na watu wa Bonde, nyuma ya Tanga, kwamba zamani zile Ukristo ulipokuwa ungali mgeni katika nchi yao, mzee Zakaria Mbelwa, Mungu amrehemu, alibatizwa katika mto mdogo chini ya milima huku ndugu zake wakimtupia mawe kutoka ng'ambo. Alitoka majini damu ikimchuruzika shingoni, akamshukuru Mola wake. Wanawe waliitukuza siku ile, na walikuwa na haki. Wakaweka desturi: kila mtoto wa ukoo ule atachukuliwa kwa miguu hadi mto ule, jamaa nzima wakimsindikiza kwa nyimbo, abatizwe pale alipobatizwa babu yake. Kwingine hapana, hata kama kanisa liko mlangoni. Na safari hiyo ilifanyika mara moja tu kwa mwaka.

Desturi ni pambo la watu mpaka itakapomdai mtoto mchanga. Damari, binti mkubwa wa Zakaria, alilijua hilo kuliko wote. Miaka mingi nyuma mwanawe, Filipo, alishikwa na homa katika njia ile ile, mto ukiwa bado mbali. Damari aliomba abatizwe palepale. Akaambiwa, "Subiri, mama. Kuwa na subira." Akasubiri. Mtoto akafa hajabatizwa, akazikwa kando ya njia bila msalaba, kwa sababu, walisema, hakuwa Mkristo. Kisha wakaendelea na safari wakiimba, maana walikuwapo watoto wengine wa kubatizwa.

Subira ni fadhila kubwa, hakuna anayebisha. Lakini subira ya mtu mwingine ni rahisi sana kuihubiri.

Mwaka wa kisa hiki alikuwapo mtoto mmoja tu wa kubatizwa, Zakaria mdogo, mjukuu wa kwanza wa Mzee Semkiwa. Semkiwa alikuwa kaka yake Damari na mkuu wa ukoo. Ndiye aliyempa Damari kibanda na kipande cha shamba alipofiwa na mumewe, na hakuwa mtu wa kusahau alichotoa. Siku ya kuondoka alisema mbele ya watu wote, "Safari hii sitaki vituko. Atakayeniharibia siku ya mjukuu wangu asirudi kwangu." Alisema akimtazama Damari.

Siku ya mwisho wa safari wanaume walitangulia pamoja na padre. Wanawake wakafuata na mizigo, na nyuma kabisa Eliza, mama wa mtoto, aliyekuwa akitembea polepole kwa sababu mwanawe alikuwa na joto. Damari alibaki naye. Ghafla mtoto akashikwa na degedege mgongoni mwa mama yake. Macho yakageuka, midomo ikawa na rangi ya majivu. Damari akaita kwa nguvu zake zote. Nyimbo za mbele zikamfunika sauti. Akashika kibuyu, kikavu. Mto ulikuwa karibu, na hakuna aliyeona haja ya kukijaza.

Njiani palikuwa na alama ya kwato ya nyati, imejaa mvua ya jana. Damari akapiga magoti, akachota kwa kiganja, akammwagia mtoto kichwani mara tatu: "Zakaria, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Kwani wote walikuwa wamefundishwa, wanaume kwa wanawake, kwamba penye hatari ya kufa Mkristo yeyote aweza kubatiza. Wanaume walifundishwa. Wanawake walifundishwa na kukumbuka.

Mtoto akatulia. Muda ukapita, akalia, akataka ziwa.

Eliza alicheka huku machozi yakimtoka. Kisha hofu ikamshika. "Shangazi, tusiseme."

"Tusiseme nini?"

"Hili. Baba mkwe atatufukuza sote. Waache wambatize tena mtoni. Maji ni maji, Shangazi. Yakizidi yana dhara gani?"

Damari alimfuta mtoto tope la kisogoni kwa pembe ya kanga, wakatembea.

Na ilikuwa desturi kwamba mwanamke mkubwa wa ukoo ndiye ampakate mtoto na kumkabidhi padre. Ndiyo maana Damari alikuwa amesimama mbele, nyayo zake majini, swali lile likimsubiri.

Padre Yustino naye alikuwa na tabia iliyowachosha watu: akiuliza, husubiri. Akauliza tena, taratibu, "Amekwisha kubatizwa, au bado?"

"Endelea tu, Padre," akasema Semkiwa. "Hayo si ya kitabuni?"

"Ya kitabuni ndiyo. Nami nasubiri."

"Bado. Kwani tumetembea yote haya kuja kuoga?"

Watu wakacheka. Padre akanyoosha mikono ampokee mtoto. Damari alihisi vidole vya Eliza vikimvuta kanga kwa nyuma. Akakiona kibanda chake, akaliona shamba lake na mihogo iliyokaribia kung'olewa. Mikono yake haikumwachia mtoto.

"Amebatizwa, Padre."

Kicheko kikakatika.

"Na nani?"

"Na mimi. Njiani. Alikuwa anakufa."

"Kwa maji gani?"

"Ya mvua. Yaliyotuama katika kwato ya nyati."

"Kwato!" Semkiwa akaingia majini na viatu vyake. "Mjukuu wa Zakaria Mbelwa, matope ya mnyama! Damari, toka lini umekuwa padre? Mpe mtoto, abatizwe kama watu."

"Kaka, kila Jumapili tunakiri ubatizo mmoja, usiorudiwa. Nikinyamaza leo, Jumapili ijayo nitakiri nini?"

"Anasema uongo," Semkiwa akamwambia padre. "Tangu mwanawe afe anautafuta mto huu ubaya."

Padre akawageukia watu. "Yuko shahidi?"

Kila mtu alijua nani alikuwa nyuma pamoja na Damari. Eliza alikuwa ameinamisha uso. Kama angekana, Damari angerudi mwongo asiye na pa kulala. Mto ulipita miguuni mwao, na Damari hakugeuka nyuma kumtazama, asije akamlazimisha.

"Nilimshika miguu," akasema Eliza. "Nilisikia majina yote matatu. Baba mkwe, nisamehe. Asingefika hapa."

Padre akafunga kitabu. "Basi mimi sina kazi mtoni. Yote yametendeka kama ipasavyo. Mpokeeni ndugu yenu."

Siku ya kurudi walipofika pale alipozikwa Filipo, Semkiwa alisimama. Akavua kofia, akaishika kifuani mpaka watu wote wakapita, Damari akiwa wa mwisho. Hakumwomba radhi, wala hakumfukuza. Lakini mjukuu wake wa pili alipozaliwa, alimbeba mwenyewe hadi kanisa la mlangoni kabla kitovu hakijakatika. Na mtoni waliendelea kwenda kila mwaka, kwenda kushukuru.

Wanaopenda kisa hiki huisifu imani ya babu aliyepigwa mawe. Ni haki. Mawe, hata hivyo, yalitoka kwa maadui. Damari alisimama mbele ya watu wake, waliompa pa kulala, wakiimba nyimbo anazozipenda, akasema kweli ambayo hakuna aliyetaka kuisikia. Mungu ndiye ajuaye lipi kati ya hayo ni zito zaidi.

Nawe unayenisikiliza, umeketi katika ibada nyingi na vikao vingi vya jamaa. Siku moja litaulizwa swali ambalo wote wanalichukua kuwa maneno ya desturi tu, na wewe unalijua jibu. Nakuomba ujibu.