Kadi ya Mke Aliye Edani

Sogeeni mbele, jamani, na nyie mnaoegemea nguzo amkeni. Nina kisa cha bwana mmoja. Msiniulize ni wa mtaa gani, nimemtunga mwenyewe. Akifanana na wewe, shauri yako.

Bwana huyu alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha sabuni. Mtu wa kazi yake na wa swala zake, ila kiburi, Mungu atunusuru! Na mkewe alikuwa na mimba kubwa. Siku moja akaja nyumbani na mafundi wenzake, wakala, wakashiba, wakaanza kumsifu: "Huyu ndiye mwanamume wa nyumba!" Mke akatoka jikoni anacheka, akasema, "Msifuni tu, lakini mkaa niliopikia huo wali nimekopa kwa jirani. Yeye kasahau kuleta."

Basi. Maneno ya mkaa! Wageni wakacheka, mwenye nyumba hakucheka. Walipotoka tu akamwambia, "Nimekuacha, talaka moja." Wala hakuishia hapo. Akamfungia nguo zake, akampeleka kwao, kwa kaka yake.

Sasa mnajua, na asiyejua ajue leo: mke wa talaka moja yumo edani, na haki yake ni kukaa nyumba ile ile na kula chakula kile kile. Mwenye mimba eda yake inaisha akijifungua. Na kabla haijaisha, mume anaweza kumrejea kwa neno tu. Hakuna mahari, hakuna shughuli. Aseme, "Nimemrejea mke wangu," yamekwisha.

Asubuhi yake bwana akaenda ofisi ya utumishi pale kiwandani, kwa mama anayeshughulikia bima ya matibabu ya wafanyakazi na familia zao.

"Mke wangu nimemwacha. Mfute kwenye bima."

"Pole, baba. Lakini si mjamzito yule?"

"Ndiyo."

"Basi haraka ya nini? Kanuni inamtoa mke akishaachwa, ni kweli. Lakini mume akitaka, mke anaendelea kutibiwa kwa kadi ile ile mpaka eda iishe. Wewe unakubali tu uendelee kukatwa kwenye mshahara kama kawaida. Tumwache ajifungue kwanza?"

Ndugu zangu, pana ugumu gani hapo? Ni kuitikia tu! Lakini bwana alikuwa na mpango wake moyoni. Maana bwana alimpenda yule mke, wallahi alimpenda, na nyumba ilishamshinda tangu jana yake. Alitaka arudi. Ila alitaka arudi kwa magoti. Akajisemea: uchungu ukimshika na kadi imekufa, ataniomba. Ataniomba mbele ya kaka yake na shangazi yake, kama alivyonidhalilisha mbele ya wageni wangu, na hapo ndipo nitakapotamka kwamba nimemrejea, kila mtu asikie.

"Mfute," akasema.

Mmenyamaza? Nyamazeni vizuri, bado.

Siku zikapita. Mchana mmoja yuko kwenye mashine, simu ikalia. Karani wa hospitali.

"Wewe ndiye mume wa huyu mama aliyeletwa na kaka yake? Mtoto amekaa vibaya, daktari anataka kumpasua sasa hivi, na kadi yake inakataa. Hapa panatakiwa dhamana. Kwani huyu bado ni mkeo?"

Neno lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Mnajua alijibu nini?

"Mpe simu, aniombe mwenyewe."

Karani akadhani amesikia vibaya. "Baba, mtu yuko kwenye uchungu!"

"Nimesema mpe simu."

Akapewa. Bwana akazisikia pumzi za mkewe, pumzi za mtu anayeng'ata shuka. Akangoja. Akangoja. Kisha akaisikia sauti yake, lakini haisemi naye. Inamwambia mtu mwingine: "Kaka, wawekee pikipiki yako." Simu ikakatika.

Akapiga, haipokelewi. Akapiga tena, kimya. Hapo hofu ikamwingia, hofu ya kweli. Akavua glavu akazitupa chini, akatoka mbio hajaaga hata msimamizi. Njia nzima anajipangia: nitaingia, nitasimama katikati yao, nitatamka. Hebu niambieni, ilikuwa taabu gani kulitamka pale barabarani, Mola wake anamsikia na muuza machungwa anamsikia? Lingetosha! Lakini neno lenyewe hakulisema. Alilibana mdomoni kilomita zote zile, kwa sababu alitaka ukoo mzima uwepo. Alitaka aonekane amesamehe.

Akafika. Nje ya wodi kaka mtu amesimama, shangazi mtu amekaa kwenye benchi. Akaliweka sawa shati lake, akakohoa.

"Jamaa zangu, shuhudieni. Nimemrejea mke wangu!"

Shangazi hata sauti hakupandisha. "Hongera, baba. Umepata binti, mzima. Na mama yake mzima."

"Alhamdulillahi! Basi nimemrejea."

"Umemrejea nani? Mtoto amezaliwa wewe hujaingia hata getini, na eda ikaisha hapo hapo. Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Wewe mwana ni wako, hatukunyang'anyi damu yako. Mama yake ndiye si wako."

"Basi namposa upya!"

Mlango wa wodi ukafunguka, muuguzi akachungulia. "Mama anauliza ni nani anayepiga kelele hapa nje. Nimwambie ni nani?"

Bwana akafungua mdomo. Watu wote aliowataka walikuwa pale, wamemkazia macho. Akaufumba mdomo.

Sisi je? Tunamcheka fundi, na kila mmoja wetu ana mtu aliyemfuta, anamngojea aje kwa magoti. Ndugu yako wa tumbo moja, mnakutana msibani mnapeana mgongo. Mzee wako unayetaka akuombe radhi yeye kwanza. Fundi alipewa muda na dini yake, akapewa muda na kiwanda, tena akapigiwa simu! Kilichomponza ni kutaka watazamaji. Na muda wenyewe hakujua mwisho wake ni lini, kama mimi na wewe tusivyojua wa kwetu.

Sasa tunaomba dua. Tukimaliza, msikimbilie viatu. Mwenye neno lake alitamke hapa hapa alipokaa, polepole, wakati watu wote wamefumba macho na hakuna anayemtazama.