Mzee Kasiga Achagua SSD

Tunu alikuwa akihariri video za harusi katika chumba alichopanga Morogoro. Siku moja mwenye nyumba wake, Mzee Kasiga, aliingia bila hodi, akaona SSD mbili za kuhifadhia data juu ya meza.

"Kompyuta yangu ya nyumbani inajikokota. Nipe moja, la sivyo uhame."

"Chukua hii ya SATA, mzee. Inaungwa kwa waya, ndiyo itakayokufaa."

"Na hiyo ndogo?"

"Hiyo ni NVMe. Haitaki waya, inachomekwa kwenye ubao wenyewe ndani ya kompyuta, na mbio zake ni balaa. Ila haiingii kila kompyuta, mzee."

"Unaniona mimi mtu wa waya?" Kasiga akaipokonya ile ndogo, akaondoka.

Kesho yake alirudi akifoka uani, wapangaji wote wakisikia. "Mbona haina pa kuingia?"

"Pole, mzee. Kumbe kompyuta yako ni ya zamani?"

Wapangaji wakaangua kicheko. Kasiga akavuta tumbo ndani.

"Ile? Ile naitupa leo! Nanunua mpya."

"Basi nitupie mimi."

Mbele ya watu hakuweza kukataa. Kompyuta ikaletwa, Tunu akaifunga SSD ya waya, ikawaka kabla hajavuta kiti.

"Lakini ile ya mbio si umeikosa?" jirani yake Sikudhani akamsikitikia.

"Niliinunua kwa makosa," Tunu akasema. "Hata kwangu haikuingia, na muuzaji akakataa kuipokea. Mwezi mzima nimekuwa nikiianika pale mezani, mzee aione aitamani."