Mto Uliojaa kwa Amri

Sogeeni karibu, wajukuu, sogeeni. Anayetafuna ameze, anayemfinya mwenzake aache, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi tumalize. Haya, kimya, nisikie moto tu ukilia.

Hapo zamani alikuwako Sultani akiitwa Mwinyipembe, na jumba lake lilikuwa juu mlimani, na raia zake wengine wakikaa chini bondeni, ng'ambo ya mto Kizara. Mlimani mvua hufika mapema. Kaskazi ikishalegea tu, mawingu hukwama vileleni, watu wakalima topeni. Bonde liko mgongoni mwa mlima, basi hungoja mpaka mlima ushibe, ndipo nalo lipate. Watu wa bondeni walijua hayo. Mama mkubwa wa nyumba hufukua shamba akazamisha mkono, na udongo ukimganda mpaka kwenye kiwiko, basi nyumba yote hupanda.

Lakini Sultani alichoka kungoja kodi yake ya mtama wa bondeni. Mlimani wameshavuna, wamekula, wamesahau, ndipo mtama ule unapandishwa kwake. Akasema wale ni wavivu, wanaisingizia mbingu. Ikawa waziri wake akamtungia amri, ikapigiwa mbiu: mvua ikinyesha penye jumba la Sultani, imenyesha nchi nzima, kila mtu apande siku hiyohiyo, asiyepanda anyang'anywe shamba, na atakayesema haijanyesha achapwe viboko.

Mwaka wa kwanza watu wakatii. Wakafukia mbegu vumbini, kanga wakazifukua, mchwa wakamalizia. Njaa iliyofuata, wanangu, watu walichemsha majani ya kunde mpaka kunde zikakosa majani.

Mwaka wa pili mvua ikanyesha tena mlimani usiku, na asubuhi ngoma ya kupanda ikalia. Bondeni jua linawaka. Sasa huko bondeni alikuwako fukara mmoja, Chambuso jina lake, hana mke wala kuku, anakula kwa dada yake Mwantumu. Na kwa kuwa alizoea kucheka peke yake njiani, watu walimwita punguani. Mwantumu alibakiwa na kibuyu kimoja cha mbegu, kimetundikwa juu ya moshi wa jiko wadudu wasikiguse. Akakitungua huku machozi yanamtoka. Akisha kuimwaga ile vumbini, watoto hawana kitu tena. Asipoimwaga, shamba linakwenda.

"Kirudishe, dada," Chambuso akamwambia. "Utapandaje na mvua kubwa namna hii?"

Mwantumu akadhani sasa akili zimemtoka kweli.

Chambuso alikuwa amesikia kwamba Sultani anashuka siku ile ile kuwakamata wavivu, na kwamba wapishi wake walitangulia jana yake, wamekwisha chinja mbuzi upande wa bondeni. Basi akakunja nguo mpaka mapajani, akajifunika ungo kichwani, akaenda kusimama ukingoni mwa Kizara. Mto ulikuwa mchanga mtupu, mbuzi wamelala katikati.

Adhuhuri Sultani akatokea ng'ambo ya pili, yeye na waziri na askari, jasho linawatiririka. Harufu ya wali ikawapokea. Chambuso akainama.

"Maulana, simama hapohapo. Mto umejaa."

"Mto gani? Mbona naona mchanga?"

"Maulana, usiniponze, bwana wangu. Mgongo wangu ni huu mmoja. Kwako imenyesha, basi na huku imenyesha, na Kizara mvua ikinyesha nchi nzima humfika ng'ombe shingoni. Kama yuko auonaye mchanga, na aseme yeye, si mimi."

Waziri akamwita punguani, tena punguani wa kuzaliwa, akamwamuru askari avuke amkamate. Askari akatia mguu, kisha Chambuso akamwuliza kwa upole, akifika na mguu mkavu atawaambiaje watu. Askari akautazama mguu wake, akaurudisha ukingoni. Wote wakasimama juani, na harufu ya wali haikomi.

Mwishowe Sultani akamgeukia waziri.

"Wewe uliyeitunga amri, unaona nini?"

Waziri akautazama mto. Akisema mchanga, amri yake ni uongo. "Naona maji, Maulana. Ila si mengi sana."

"Vema. Nina kiu. Nitekee."

Maskini waziri akashuka na kikombe cha fedha, akapiga magoti, akachota. Akarudi amekishika kwa mikono miwili, mchanga umejaa mpaka ukingoni, akamwinamishia bwana wake asithubutu kumtazama. Sultani akakichungulia. Akachungulia tena. Halafu kicheko kikamshika, akacheka mpaka kilemba kikamwangukia begani, na askari nao wakapata ruhusa ya kucheka.

Akavuka. Alipofika kwa Chambuso akauinua mguu. "Nimevuka mkavu," akasema, "nanyi mashahidi. Haijanyesha. Nani atanichapa?"

Basi ikawa amri imekufa palepale mtoni. Sultani akamkalisha Chambuso kwenye sinia lake, na wali ukiwa kinywani akaagiza kila upande wa nchi upande mbegu kwa mvua yake wenyewe, na bonde liwe na ngoma yake, mpigaji awe Chambuso. Mwezi ulipoandama mvua ikashuka bondeni, na Mwantumu akapanda.

Basi Sultani alipofariki, mwanawe alirithi kiti. Watoto wa Chambuso, maana alipata mke baadaye, walirithi ngoma. Na watoto wa waziri walirithi kile kikombe cha fedha, kizuri sana, ila hawapendi kabisa mtu kuwauliza kimewahi kuchotea wapi.