Bomba Hukaa Kwanza, Ndipo Hukazwa

“Bomba hukaa kwanza, ndipo hukazwa.” Ndivyo mlivyomsikia mzee Lulandala akisema jana katika kikao cha posa, pale mshenga alipotaka siku ya harusi ipangwe kabla upande wa bibi arusi haujatamka neno. Wazee walicheka, mshenga akaketi, na mazungumzo yakaendelea kwa upole. Ninyi vijana mkabaki mnatazamana, na leo mmenifuata kuniuliza bomba limeingiaje katika mambo ya posa. Swali lenu ni jema. Methali nyingi tulizipokea zikiwa zimekwisha kuzeeka, wala hatumjui aliyezitamka mara ya kwanza. Hii bado ni changa, na aliyenisimulia chanzo chake alikuwapo ilipozaliwa. Basi sikilizeni ilivyokuwa.

Katika nyanda za juu za Kilolo, ambako ukungu hung’ang’ania mabonde mpaka jua lipande, walikuwapo mafundi wawili wa magari. Mmoja aliitwa Vitus Kiyeyeu. Mwenzake, Onorato, alikuwa amemwoa Benigna, dada yake Vitus, naye Benigna ndiye aliyenisimulia haya. Mashemeji hao walifanya kazi katika gereji moja. Vitus alisifika kwa injini, Onorato kwa kuchomelea vyuma, na kwa kuwa shemeji ni mtu wa kutaniwa, hawakupumzishana. Vitus alikuwa akisema kwamba Onorato akipewa uji angeuchomelea kwenye bakuli. Onorato naye alisema kwamba Vitus husikiliza injini kama padri anayesikiliza maungamo, ila haijaonekana injini iliyotubu. Wateja walicheka, nao walicheka. Lakini chini ya utani huo kila mmoja aliamini kwamba, likija jambo gumu, kipimo cha kweli ni cha kwake.

Jambo gumu lilikuja kupitia kwa Mama Semgovano, mzazi wa Vitus na Benigna. Jicho lake la kushoto lilikwisha kufa zamani. La kulia lilikuwa likifunikwa na mtoto wa jicho, hata akawa anawatambua wanawe kwa sauti na kikombe cha chai kwa joto lake. Siku hizo madaktari wa macho kutoka mbali walikuwa wamefika katika hospitali moja ya misheni, ng’ambo ya vilima. Mama Semgovano alipangiwa kupasuliwa siku yao ya mwisho, kabla ya saa sita mchana. Muuguzi hakuwaficha: wageni wale wangerudi lini hakuna aliyejua, na jicho lile halikuwa la kungoja.

Gari la kumpeleka lilikuwapo, gari refu la kazi aliloliacha marehemu baba yao. Injini yake ilikuwa nzima, lakini bomba lake la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi, lilikuwa limeliwa na kutu mpaka likawa kama chujio. Bomba la asili la gari lile lilikwisha kuadimika. Wakapata jingine jipya, lililotengenezwa na watu wengine kwa kulifananisha na lile la awali. Bomba la kufananisha lina tabia yake. Vipande vyake vitatu, cha mbele kinachopokea moshi kutoka kwenye injini, cha kati chenye sailensa, na cha mkia, huwa karibu sawa na vile vya asili. Kazi yote ya fundi imo katika neno hilo “karibu”.

Jioni ya kuamkia safari waliingia chini ya gari wote wawili. Vitus alianza mbele, akaunganisha kipande cha mbele na injini, akaongeza cha kati, akakaza nati mpaka spana ikalia. Onorato alianza nyuma, akapitisha mkia juu ya ekseli ya magurudumu ya nyuma, akaunyoosha hadi ukatokeza vizuri chini ya bampa, akaukaza kwa vibano vyake. Kila mmoja alifanya kazi safi. Walipokutana katikati, midomo ya vipande viwili iliyopaswa kubusiana ilipishana kwa upana wa kidole gumba.

Si kwamba hawakujua la kufanya. Fundi yeyote anajua kwamba bomba la namna ile huanza kwa kuning’inizwa lote, nati zikiwa zimeshikwa kwa vidole tu, ili kila kipande kimpishe mwenzake. Walilijua hilo, na kila mmoja alimtaka mwenzake alifuate. Vitus alisema injini haihami, kwa hiyo mbele ndiko kwenye kipimo. Onorato alisema bodi nayo haihami, na mkia ukisogea hata kidogo utagonga ekseli. Hakuna aliyelegeza nati. Mwishowe wakatafuta suluhu ya watu wenye kiburi: mmoja akasukuma kwa mtaimbo, wa pili akaipenyeza bolti na kuikaza kabla bomba halijarudi lilikotoka. Wakawasha injini. Ikanguruma kwa utulivu kabisa. Wakanawa mikono, wakaagana kwa furaha.

Bomba lililolazimishwa halilalamiki likiwa baridi. Lakini chuma kikipata moto hurefuka, na kikikosa pa kwenda hujitafutia.

Asubuhi walianza safari mapema. Vitus alishika usukani, na Onorato akaketi kando yake. Nyuma waliketi Mama Semgovano na Benigna, wamejifunika mablanketi, na vioo vyote vimefungwa kwa sababu ya baridi. Hapa nawaomba mkumbuke desturi ya kwao. Mkwe wa kiume humstahi mama wa mkewe kwa kukaa naye mbali. Hamtazami usoni, hamgusi, na akiwa naye safarini hageuki kumwangalia. Onorato alikuwa mtu wa adabu. Tangu aoe alikuwa akimsalimia mama mkwe akiwa ameinamisha macho, na siku ile alitazama barabara tu, kana kwamba nyuma yake hapakuwa na mtu.

Gari lilipanda vilima kwa nguvu. Mama Semgovano alikuwa akisali rozari kwa sauti ya chini, na Benigna akimwitikia. Baadaye mama alilalamika kwamba kichwa kinamgonga. Vitus akamtuliza kwamba ni kona za mlima. Benigna alijisikia mzito, akadhani ni usingizi wa kuamka alfajiri. Harufu ya masizi ilikuwapo kidogo, lakini mafundi wawili walioishi ndani ya harufu hiyo hawakuitambua tena.

Onorato ndiye aliyegundua, naye aligundua kwa masikio. Sala ilikuwa imekoma. Alingoja mama aanze fungu jingine, hakuanza. Alimwita mkewe bila kugeuka, mkewe hakuitika. Benigna aliniambia kwamba baadaye mumewe alikiri kuwa kitambo kile kifupi kilikuwa kirefu kuliko safari nzima, kwa sababu shingo yake ilikataa kugeuka. Kisha akageuka. Mama Semgovano alikuwa ameegemea dirisha, mdomo wazi, rozari imeanguka mapajani. Benigna alikuwa amemlalia begani.

Alimwambia Vitus asimame. Gari lilikuwa katika mteremko, na Vitus hakuweza kuachia breki mpaka azime injini na kulitia gia, kwa hiyo Onorato hakumngoja. Alifungua mlango wa nyuma, akamvuta mkewe nje, akamwinua mama mkwe wake mikononi, akampeleka kwenye nyasi penye upepo. Benigna alitapika na kupata fahamu upesi. Mama alikawia. Vitus alipowafikia alimkuta Onorato amepiga magoti, amekishika kichwa cha mama kwa viganja vyote viwili, akimwita kwa sauti ambayo Vitus hakuwahi kuisikia kwake.

Mama Semgovano akakohoa. Akavuta pumzi ndefu, akakohoa tena, kisha akauliza kwa nini amewekwa kwenye umande kama mtama wa kuanikwa. Vitus aliketi palepale nyasini.

Mama akapapasa kilichomshika kichwa. “Mikono hii si ya mwanangu,” alisema. “Ina makovu ya moto. Ni mkwe?”

Onorato alitaka kuondoa mikono, lakini mama aliishikilia.

“Iache. Umenibeba kama gunia la viazi, tena mbele ya watu. Heshima tutaitafuta tukifika nyumbani.”

Wakacheka wote wanne, kicheko chenye machozi ndani yake. Lakini jua lilikuwa likipanda, na hospitali ilikuwa bado mbele yao. Benigna aliuliza kama wangeweza kuendelea vioo vikiwa wazi, na wanaume wote wawili walikataa kwa pamoja. Hakuna aliyethubutu kumrudisha mama ndani ya moshi ule. Magari mengine hayakupita. Ilibidi wautafute mlango ulikopenya moshi.

Waliingia chini ya gari, wakaupata mara moja. Pale katikati, walipolazimisha, kiungo kilikuwa kimeachama. Gasketi, kile kipande chembamba cha kuziba kiungo, ilikuwa imejikunja upande mmoja, na sakafu juu yake ilikuwa nyeusi kwa masizi mpaka kwenye tundu lililo chini ya kiti cha nyuma, ambalo mpira wake wa kuziba ulikuwa umechanika. Moshi wa injini ulikuwa ukiingia walimokaa wanawake.

“Nati imelegea,” alisema Vitus. “Nipe spana niikaze.”

“Haikulegea. Imevutwa,” alijibu Onorato. “Ukiikaza tena, itavutwa tena.”

“Basi legeza ya kwako ya nyuma.”

“Na ya kwako ya mbele?”

“Ya mbele imekaa sawasawa.”

“Ya nyuma nayo imekaa sawasawa, shemeji. Zote mbili zimekaa sawasawa, ndiyo maana mama yuko kwenye nyasi.”

Benigna, aliyekuwa akiwasikiliza, alisema aliiona miguu ya kaka yake tu, imetulia tuli, kisha ikajivuta kuelekea mbele ya gari. Ukasikika mlio wa nati iliyokazwa sana ikiachia.

“Nimelegeza yangu,” alisema Vitus.

“Nami nalegeza,” alisema Onorato.

Vibano vya nyuma vilipoachia, bomba lilijisogeza lenyewe. Halikupigwa, halikusukumwa. Lilishuka kidogo, likajizungusha kidogo, na midomo miwili iliyopishana ikatazamana. Mlio wake, alisema Benigna, ulikuwa kama wa mtu anayetua mzigo. Mafundi walilishika kwa magunia kwa kuwa lilikuwa bado la moto, wakainyoosha gasketi na kuirudisha mahali pake, wakapachika nati zote kwa vidole, kisha wakalitikisa bomba zima kuona kama linagusa ekseli au bodi. Benigna alihofia muda. Aliwauliza kwa nini wanalichezea badala ya kulikaza.

“Bomba hukaa kwanza, ndipo hukazwa,” Onorato alimjibu kutoka chini.

Walipolikaza walikwenda pamoja, kidogo huku na kidogo kule, kutoka mbele hadi nyuma, kila mmoja akimwuliza mwenzake kabla ya kuongeza mzunguko. Kisha Vitus aliwasha injini, na Onorato akapitisha kiganja chake karibu na kila kiungo akitafuta pumzi ya moshi. Hakuipata. Walifungua vioo hata hivyo, na mama akafunikwa mablanketi yote mawili.

Walifika hospitali madaktari wakiwa wanajiandaa kufunga vyombo. Muuguzi aliwasema sana, nao walikubali kila neno. Daktari aliposikia habari ya moshi alimpa mama hewa safi kwa kinyago, akampima, akasubiri mpaka aridhike, kisha akampasua wa mwisho kabisa. Siku iliyofuata bandeji iliondolewa. Mama Semgovano alipepesa jicho lake, akalitazama dirisha, akautazama uso wa Benigna kwa muda mrefu, akamtazama Vitus. Kisha akamwona mtu aliyesimama mlangoni, ameinamisha macho kwa adabu.

“Kumbe mkwe wangu ana mvi,” alisema.

Hapo furaha ilikuwa imekamilika, na kama ilivyo desturi ya wanadamu, ugomvi ukaanza. Mama aliagizwa apumzike kwa wiki kadhaa, asiiname wala asipike. Vitus alisema angekaa kwake. Alikuwa amekwisha kuwaambia majirani, na chumba kilikuwa tayari. Benigna alisema mgonjwa hulelewa na bintiye. Yeye naye alikuwa amekwisha kutandika kitanda. Onorato akamuunga mkono mkewe, Vitus akasema hayo ni mambo ya ukoo, na sauti zikapanda mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakanyamaza ili wasikie vizuri. Wakati huo wote hakuna aliyekuwa amemwuliza mwenye jicho.

Mama Semgovano aliwaacha wamalize. Kisha akasema:

“Jana nilikuwa nimelala kwenye nyasi. Jicho lilikuwa halioni, lakini masikio yalikuwa yanasikia. Nilimsikia mmoja akilegeza, nikamsikia wa pili akilegeza, na gari likatufikisha. Leo mmenikaza tena pande zote mbili, nami niko katikati.”

Mama akalisukuma blanketi kando.

“Nipelekeni nyumbani kwangu kwanza,” aliendelea. “Ni miaka sijauona mlango wangu, sijui hata kama kuku ninaowalisha ni weupe au wekundu. Benigna atakuja kulala nami. Vitus ataleta kuni. Nikishatulia ndipo tutazungumza nikae wapi. Mkwe aliwaambia chini ya gari kwamba bomba hukaa kwanza, ndipo hukazwa, nanyi mkadhani anasema habari za chuma.”

Wagonjwa wa vitanda vya jirani ndio walioyachukua maneno aliyoyataja na kuyapeleka vijijini mwao, kila mmoja kwake. Yamewafikia watu ambao hawajawahi kushika spana, nao huyatumia popote pale mtu anapotaka kufunga upande wake kabla upande wa pili haujapata pa kukaa: bomba hukaa kwanza, ndipo hukazwa.